Nyoka Aliyeamka Mapema

Kibao chenyewe kilikuwa kidogo tu, cha mbao, kimepigiliwa pembeni mwa pazia la bafu la wanawake: "Wenye tatuu hawaruhusiwi kuingia." Mwandiko mzuri wa brashi, utadhani ni shairi. Nilisimama mbele yake na ndala za nyumba ya wageni miguuni, theluji inaanguka nje, nikajisemea moyoni, haya Shizuyo, umejileta mwenyewe.

Maana mimi tatuu ninayo. Tena si kaua ka kwenye kifundo cha mguu kama wanavyojichora wasichana wa siku hizi wakienda likizo. Yangu ni mgongo mzima, kutoka shingoni hadi chini ya makalio. Nyoka mkubwa mweusi amejizungusha kwenye tawi la sakura, ule mti unaochanua mwanzoni kabisa mwa majira ya kuchipua, na maua ya sakura yanadondoka mpaka kiunoni. Alinichora mume wangu Kanjiro, kwa mkono, kwa sindano zilizofungwa kwenye kijiti cha mwanzi, katika chumba chetu cha juu pale Yokohama, juu ya duka la tambi. Kazi ya miaka. Nililia, nilimtukana yeye na ukoo wake wote, nilitafuna mto mpaka pamba ikatoka. Na sijajuta hata siku moja. Hilo nalisema mapema ili tusisumbuane.

Tatizo lilikuwa posa ya binti yangu. Kozue, mwanangu wa pekee, alimpata kijana anayeitwa Masafumi, wa ukoo wa Inokuma, watu wa mbao huko Akita, wenye misitu yao na nyumba ya mababu. Kijana mpole, meno mazuri, anasalimia watu vizuri. Kozue alimpenda mpaka chakula kikawa hakipiti. Na hao Inokuma wana desturi yao: kabla zawadi za posa hazijapokewa, wanawake wa pande zote mbili wanaoga pamoja kwenye chemchemi ya maji moto. Wanasema mkishaonana bila nguo hamna tena cha kufichana. Desturi nzuri sana, kwa mwenye mgongo mtupu.

Ndani ya treni Kozue alinikamata mkono.

"Mama, nakuomba. Siku mbili tu."

"Siku mbili nifanye nini?"

"Uumwe."

"Niumwe nini, mwanangu?"

"Mafua, tumbo, chochote! Wakiuona huo mgongo wako, basi, posa imekufa. Watasema mimi ni mtoto wa majambazi."

"Baba yako alichora mafundi seremala na wazima moto na wauza samaki. Majambazi walikuja wawili, mmoja alizimia."

"Mama!"

"Na mgongo wangu ndiyo kazi yake nzuri kuliko zote. Leo niufanye ugonjwa?"

"Baba amekufa," alisema, macho yamejaa maji. "Mimi ndiye niko hai. Nifikirie na mimi."

Aliponizidi kimo bado alikuwa anasimama nyuma yangu kwenye mabafu ya mtaani, ametandaza taulo kwa mikono miwili ili watu wasinione. Nilidhani atakuja kuchoka. Hakuchoka. Basi nikamwambia sawa, nitaumwa. Yeye kumbe alikuwa amekwisha kuwaambia wakwe kwamba marehemu baba yake alikuwa mchoraji wa vitambaa vya kimono.

Tulipokelewa kwenye chumba kikubwa cha ile nyumba ya wageni, chenye mikeka, chai na figili za kuchachua. Aliyekaa mahali pa heshima ni Bibi Inokuma, bibi yake Masafumi. Mdogo wa umbo, kito cha jiwe kidoleni, na kila mtu mle ndani anamwangalia yeye kwanza kabla ya kucheka. Mwanawe, baba yake Masafumi, mzee mzima, alikuwa anakohoa kwa adabu. Na karibu na mlango, na birika mkononi, alikaa mkamwana wa Bibi, mama yake Masafumi, Mitsue. Mwanamke mrefu, mkimya, kola imefungwa mpaka kooni.

"Mama Kozue," Bibi akaanza, "marehemu alikuwa anachora nini hasa?"

"Maua, Bibi. Samaki. Na nyoka."

"Nyoka kwenye kimono? Nani anavaa?"

"Wapo wenye moyo."

"Kwenye hariri?"

"Kwenye kitu laini kuliko hariri."

Kozue alinifinya paja chini ya meza, kucha zikaingia. Mama Masafumi aliinua uso kutoka kwenye birika, akanitazama kidogo, akainama tena.

"Haya, twendeni tukaoge," Bibi akasema. "Wanawake wote."

Nikaanza kukohoa. "Nina mafua, Bibi. Nisije nikawaambukiza."

"Maji haya yanatibu mafua."

"Na tumbo pia haliko sawa."

"Na tumbo yanatibu."

"Tumbo lenyewe, Bibi, ni la kuendesha."

Hapo alikunja pua. Samahani, lakini ningefanyaje? Wanaume wakaanza kuangalia dirishani.

"Basi wewe kesho asubuhi," alisema. "Kabla ya zawadi. Kwetu bila kuoga pamoja hakuna zawadi."

"Na Mama Masafumi je?" niliuliza, ili tu macho yahame kwangu.

"Huyo haogi na watu. Ana ngozi mbovu, tumeshamzoea." Alilisema mbele yake mwenyewe, kama mtu anayezungumzia mlango usiofunga vizuri. Mitsue akammiminia chai.

Kozue akaenda na Bibi, na plasta begani. Maana na yeye analo la kwake. Kwenye bega langu la kushoto kuna ua moja la sakura lenye petali nne. Ya tano haipo, pameachwa ngozi tupu. Kanjiro aliiacha makusudi Kozue alipozaliwa, akasema hiyo ina mwenyewe. Kozue alipokuwa mdogo alikuwa anaweka kidole pale kila nikimbeba. Alipokuwa mtu mzima, na baba yake amekwisha kuugua, mikono inatetemeka, alimwendea mwenyewe akamwambia, "Baba, nipe yangu." Akampa. Petali moja ya waridi, bega la kushoto, ndogo kama kucha ya kidole gumba. Ndiyo kazi yake ya mwisho, hakushika tena sindano.

Nilibaki peke yangu chumbani. Dirisha limejaa theluji, nyuma ya theluji mlima, nyuma ya mlima sijui nini. Basi la kuteremka stesheni lilikuwa mpaka kesho. Nikaketi kwenye mkeka, nimejikaza ndani ya yukata, lile joho la pamba wanalogawia wageni, nimejifunga mkanda mpaka pumzi inagoma. Nilisikia maji na vicheko vya Bibi kule chini. Hasira zilinipanda, kisha zikageuka woga. Kesho asubuhi nitasema nini? Tumbo haliwezi kuendesha hadi harusi. Niliona aibu kwa kujificha na niliona uchungu kwa mwanangu, na vyote viwili vilikuwa vinanibana mahali pamoja.

Kozue aliporudi alikuwa mwekundu kwa joto.

"Vipi?" nikamuuliza.

"Salama."

"Plasta?"

"Ipo, Mama. Nimechoka." Akanigeuzia mgongo, akajifunika.

Nilipoamka kulikuwa bado hakujapambazuka vizuri, na akili yangu ilikuwa imepata ujanja. Nitaoga sasa hivi, peke yangu, watu wamelala. Bibi akiniita nitamwambia homa ilishuka alfajiri, nikaona bora nioge nisichelewe, na tena daktari amenikataza kuoga mara mbili. Ujanja wa kitoto, najua. Lakini mtu aliyebanwa hachagui.

Nikapita kwenye kile kibao, nikavua, nikaingia. Mvuke ulikuwa mzito hata ndoo sizioni. Nikakaa kwenye kigoda, nikajimwagia maji, nikaanza kujisugua. Loo, utamu wake! Mgongo wangu wote ulipumua. Nikajisahau, hata nikaanza kuimba kidogo.

"Nani huyo aliyemweka nyoka kwenye sakura?"

Sauti ilitoka nyuma yangu, bwawani. Sabuni ilinianguka.

"Sakura zikichanua nyoka bado amelala chini ya ardhi," sauti ikaendelea, taratibu. "Nyoka anachorwa pamoja na ua la peoni, au la krisanthemamu, maua yanayochanua akiwa ameshaamka. Kwenye sakura hachorwi. Kosa la namna hiyo mchoraji mzuri halifanyi. Na huyu wako ni mzuri sana."

Alikuwa Mama Masafumi. Amekaa kwenye kona ya bwawa, maji hadi kidevuni, mgongo ameubandika ukutani.

Nilipiga magoti hapo hapo kwenye vigae, uchi wangu, povu kichwani. "Mama Masafumi, dada yangu, nakusihi. Nitukane mimi. Usimharibie mwanangu. Anampenda mtoto wako. Nitaondoka leo, harusini sitakuja, mtasema nimekufa, lakini yeye muacheni aolewe."

"Inuka, utapata baridi."

"Utanisema?"

"Ningetaka kukusema ningekuwa nimeshapiga kelele, wa mapokezi ameshafika." Alitabasamu upande mmoja. "Hariri! Jana nilijua tu. Laini kuliko hariri, eti. Una mdomo wewe."

Hapo ndipo nilipopata akili. Mtu wa kawaida akiuona mgongo wangu anaona tatuu, basi. Anaona jela, anaona visu. Haoni kwamba majira ya nyoka na ya ua hayapatani. Hilo analijua mtu aliyelala kifudifudi chini ya sindano akimsikiliza mchoraji anavyoongea.

"Wewe umejulia wapi mambo haya?" nikamuuliza.

Alisimama, maji yakamtiririka, akageuka.

Jamani. Nimeona migongo mingi maishani, nimeishi na mchoraji. Sijawahi kuona kama ule. Kutoka mabegani mpaka kiunoni hapakuwa na ngozi ya mtu. Palikuwa na viraka, vingine vinang'aa, vingine vimekunjamana, vimeunganishwa na mishono kama blanketi la masikini. Na chini kabisa, karibu na nyonga, palisalia kipande cha jani la kijani, walichokisahau.

"Simba na peoni," alisema, bado kanipa mgongo. "Baba yangu alikuwa zimamoto Asakusa. Yeye alikuwa na simba, na mimi nikataka simba. Unaijua habari ya simba?"

"Naijua." Nani asiyeijua katika kazi ile? Simba ni mfalme, haogopi kitu isipokuwa mdudu mmoja anayeota ndani ya mwili wake mwenyewe na kumla. Dawa ya mdudu huyo ni umande wa peoni peke yake. Ndiyo maana simba analala chini ya ua hilo, na mchoraji hawatenganishi.

"Wakalikata peoni," Mitsue alisema. "Na simba wakamkata. Kipande kimoja, nasubiri kipone, kipande kingine. Bibi ndiye aliyemleta daktari. Alisema ndani ya nyumba ya Inokuma haingii mgongo wa namna ile. Na baba yake Masafumi alinishika mkono, akaniambia, ni ngozi tu, Mitsue. Ni ngozi tu." Akarudi ndani ya maji. "Mdudu ndiye waliyemwacha."

Nilianza kulia. Sikulia kwa adabu, nililia kwa sauti.

"Usinililie mimi," akasema. "Mimi yamekwisha. Kamlilie mwanao, ambaye yake hayajaanza."

"Yake yapi?"

Alinitazama sana. "Kwani hajakwambia? Plasta ilibanduka jana majini. Bibi aliiona ile petali. Hakufoka, yeye hafoki. Alimkausha bega kwa taulo lake mwenyewe, akamwambia, tuna daktari wetu, ataitoa baada ya mwaka mpya. Kozue akasema, ndiyo, Bibi. Mimi nilikuwa nje ya pazia nimeshika nguo zao."

Nilihisi maji yote yale ya moto yamekuwa barafu. Nilikuwa nimejificha siku nzima ili mwanangu aingie kwenye mlango ule, na mlango wenyewe ni huu.

"Ni petali moja tu," nilisema, kama mjinga.

"Leo petali. Kesho ataambiwa acheke kidogo, halafu asiende kwa mama yake. Mimi mama yangu alikuwa ameshakufa, sikuwa na wa kunipigia kelele. Wewe upo. Piga."

Saa ya kifungua kinywa zawadi zilikuwa zimepangwa tayari kwenye mkeka: konokono wa baharini waliokaushwa, fungu la kamba nyeupe za katani, feni za kukunja, kila kitu na utepe wake. Supu ya miso ilinishinda. Bibi akafuta midomo.

"Mama Kozue, tumbo je?"

"Limepona, Bibi. Twende tukaoge."

Kozue alinitolea macho. Nilimpita. Tulipofika kwenye chumba cha kuvulia nguo, Bibi, Kozue na mimi, Mama Masafumi nyuma yetu na mataulo, nikafungua mkanda nikaliacha lile yukata lianguke lenyewe. Kisha nikageuka ili Bibi aone vizuri, asije akasema miwani imemdanganya.

Kozue alitoa sauti ndogo, ya mtu aliyekanyagwa.

"Huu ndio mchoro wa marehemu," nikasema. "Mliuliza jana anachora kwenye nini. Na hapa begani pana petali moja haipo, Bibi, iko kwa mwanangu, na nasikia mnataka kuitupa."

Bibi aliutazama mgongo wangu polepole, kutoka juu hadi chini, kama mtu anayekagua samaki sokoni. Hakukasirika. Laiti angekasirika.

"Na huo unatolewa," alisema. "Daktari ni yule yule. Tunalipa sisi."

Ndipo Mitsue alipoweka mataulo chini. Alifungua kola yake, akateremsha nguo hadi kiunoni, akageuka, mbele ya mkwewe na mbele ya mwanangu. Bibi ndiye aliyeangalia pembeni.

"Hivi ndivyo unavyotolewa," alimwambia Kozue. "Walianzia hapa. Baba yake Masafumi alinishika mkono, akaniambia ni ngozi tu."

Kozue aliokota yukata langu. Nikajua anakuja kunifunika, kama alivyonifunika maisha yake yote, na nilitamani ardhi inimeze. Alinipita. Alilitandaza juu ya mabega ya Mitsue, taratibu sana, kama mtu anayeogopa kumuumiza. Kisha akatoka nje ya pazia.

Masafumi alikuwa anasubiri ukumbini, anatabasamu. Nilimsikia Kozue anamuuliza, sauti imetulia kabisa:

"Masafumi, ulijua kwamba Bibi anataka nitolewe petali ya baba?"

"Ah, hiyo? Aliniambia jana." Akacheka, bila ubaya, mtoto wa watu. "Usiogope, mpenzi. Ni ngozi kidogo tu."

Mle chumbani Mitsue alifumba macho.

Hapakuwa na makelele. Kozue alirudi, akanisaidia kuvaa, akaniuliza basi linaondoka saa ngapi. Masafumi alimfuata mpaka mlangoni akimwita jina, anauliza amekosa nini, na nadhani kweli hakujua, na hilo ndilo lililomliza Kozue mpaka akashindwa kufunga begi. Nililifunga mimi. Bibi hakutoka kutuaga. Baba yake Masafumi alikohoa.

Aliyetutoa ni Mitsue. Alipiga magoti kwenye sakafu ya mlangoni, akavigeuza viatu vyetu vielekee nje, kama anavyofanyiwa mgeni wa heshima. Kola yake ilikuwa imefungwa tena mpaka kooni.

Kozue alimshika mikono. "Mama, twende wote. Kwetu kuna nafasi. Juu ya duka la tambi, panakuwa na joto."

"Niende wapi mimi, mwanangu," akasema. "Nendeni, basi hilo linakuja."

Ndani ya nyumba Bibi aliita jina lake mara moja, si kwa sauti kubwa. Mitsue aliinuka. Kisha akanigeukia mimi.

"Hujaniambia. Yule nyoka, kwa nini alimwamsha mapema vile?"

Hilo Kanjiro aliulizwa na wachoraji wenzake wote, wakamcheka, na aliwajibu matusi. Ni mimi peke yangu niliyeambiwa. Yeye alizaliwa mwaka wa Nyoka, kwa ile kalenda yetu ya wanyama, mimi nilizaliwa sakura zikichanua.

"Alisema akilala hadi majira yake," nikamwambia, "atanikosa."

Mitsue alitikisa kichwa kidogo, mara kadhaa, kama aliyejibiwa swali la siku nyingi.

"Mume wangu mimi alilala," akasema, akaingia ndani, akaufunga mlango.